Setilaiti inapita sekunde chache tu, joto la mchana na usiku kule juu inalijuaje?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, huku Kahama. Wanafunzi wangu walisoma mahali kwamba hewa ya kilomita 90 juu inapata joto na kupoa kila siku, na kwamba vipimo vinatoka kwenye setilaiti. Mmoja akasimama akauliza, mwalimu, setilaiti inapita juu yetu sekunde chache halafu imeenda zake, tena hiyo hewa haijaigusa, sasa joto la asubuhi, la mchana na la usiku inalijuaje? Nikamwambia ngoja nitauliza. Ndo nauliza.

Jibu: Mwalimu, salama kabisa. Huyo mwanafunzi mpe hongera kutoka kwangu, maana kagusa penyewe. Jibu la haraka ni kwamba setilaiti haijui joto la asubuhi, mchana na usiku la Kahama ya jana, haijui kabisa. Inachokijua ni joto la maelfu ya sehemu duniani, kila sehemu kwa saa yake, halafu sisi huku chini tunakaa tunazipanga zile saa mpaka itoke siku moja nzima, na kwa setilaiti moja ambayo nimeshinda na data zake miaka mingi, hiyo siku moja ya saa 24 inachukua siku 60 kuikusanya. Ukishaelewa hapo mengine yanafuata yenyewe.

Tuanze na hili la kutogusa maana ndo jepesi. Umeme umekatika, umekaa karibu na jiko la mkaa, hujaligusa ila uso wako unakuambia kama mkaa umekolea au umeanza kufa. Kila kitu chenye joto kinatoa miali, hata hewa inatoa, ila miali yake ni ya infraredi ambayo macho hayaioni. Kaboni dayoksaidi inatoa miali yake kwa nguvu kwenye maikroni 15 hivi, na gesi hii ina sifa moja nzuri, imechanganyika karibu sawasawa kwenye hewa yote kuanzia chini mpaka kilomita 70 na kitu, kwa hiyo kiasi chake unakijua, ukipima mwanga wake unarudi nyuma unapata joto. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa SABER, kimefungwa kwenye setilaiti ya TIMED ambayo NASA waliirusha tarehe 7 Desemba 2001, inazunguka kilomita 625 hivi juu. Ilipangwa ifanye kazi miaka miwili tu, ikapitisha ishirini.

SABER haitazami chini, inatazama pembeni, kwenye ukingo wa dunia, pale ambapo nyuma ya hewa kuna giza la anga tu. Ukitazama chini unaona hewa yote imejipanga moja juu ya nyingine, huwezi kujua mwali huu umetoka kilomita 40 au 80, ila ukitazama ukingoni unapandisha jicho taratibu kutoka chini kwenda juu na kila tabaka unalikuta peke yake, kwa kupambanua kama kilomita 2. Inapandisha na kushusha jicho hivyo na karibu kila dakika moja inapata safu nzima ya joto kuanzia kilomita 20 mpaka 110 hivi, kwa siku moja zinapatikana safu zaidi ya 1,400. Vihisio vyake vinapozwa mpaka kelvini 75, karibu nyuzi 200 chini ya sifuri, kwa sababu kifaa chenyewe kikiwa na joto nacho kinang'aa infraredi, inakuwa kama unatafuta kimulimuli huku umeshika tochi inakumulika usoni.

Kuna jambo moja hapa ambalo vitabu vya shule vinaliruka na mi sitaki uliruke. Ukivuka kilomita 70 hivi hewa inakuwa nyembamba mno, molekuli zinagongana mara chache, na mwanga wa kaboni dayoksaidi unaacha kufuata joto la hewa moja kwa moja. Molekuli inaweza kupata nguvu kutoka kwenye miali ya jua au miali inayotoka chini na ikaitoa bila kugongana na jirani yake hata mmoja, kwa hiyo ukitumia hesabu ya jiko la mkaa utapata joto la uongo. Inabidi modeli ihesabu kila njia ambayo molekuli inapata na kupoteza nguvu, ikiwemo kugongana na atomi za oksijeni ambazo kiasi chake nacho kinabadilika kati ya mchana na usiku. Ndo maana chini ya kilomita 80 kipimo kimoja kinaweza kukosea nyuzi moja au mbili, ila ukifika kilomita 100 kosa linakuwa nyuzi kadhaa. Tunaponea kwenye wingi, safu laki na zaidi ndani ya miezi mitatu zinafuta makosa ya bahati nasibu, ila kosa la modeli yenyewe halifutiki kwa wingi, likikosea mchana litakosea mchana kila siku.

Njia ya pili ni ya GPS, na hii naipenda kwa sababu haihitaji kabisa kupima mwanga wa hewa. Setilaiti ndogo iliyo chini inasikiliza ishara ya setilaiti ya GPS inayozama nyuma ya dunia kama jua linavyozama, ile ishara ikipita kwenye hewa inapinda na kuchelewa kidogo, saa za atomiki zinapima huko kuchelewa, na kutokana na huko kupinda unapata msongamano wa hewa halafu joto. Wataiwani na Wamarekani walirusha setilaiti sita za hivyo Aprili 2006 zikaitwa COSMIC, halafu Juni 2019 wakarusha nyingine sita, COSMIC-2, hizi zinazunguka karibu na ikweta tu, mwinamo wa digrii 24, zinatoa safu elfu kadhaa kila siku na sehemu kubwa ni za tropiki kwetu huku. Ubora wake ni kuanzia kilomita 8 mpaka 30 na kitu, chini ya hapo mvuke wa maji unachanganya hesabu, juu yake kupinda kunakuwa kudogo mno na ayonosfia, lile tabaka la juu lenye chembe za umeme, inaleta kelele. Kwa hiyo GPS na SABER hawagombani, mmoja anashika chini mwingine anashika juu.

Haya, sasa tuje kwenye saa, maana swali la mwanafunzi wako hasa liko hapa.

Sisi waswahili tuna bahati ambayo huwa hatuioni. Saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza, saa moja asubuhi jua limeshatoka, saa sita liko utosini, saa kumi na mbili linazama. Wanaopima anga wanahesabu hivyo hivyo, wanaita saa ya jua ya mahali, na hewa ya juu inafuata hiyo tu, haijui serikali zimekubaliana nini. Saa ya ukutani ya Tanzania, Kenya na Uganda imewekwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, mstari ambao haupiti kwenye nchi hata moja kati ya hizo tatu! Kila digrii moja ni dakika 4, Kahama mko kama digrii 32 na nusu, kwa hiyo jua linafika utosini kwenu karibu saa sita na dakika 50 kwa saa ya ukutani, kwa wastani wa mwaka, na Kigoma ni kama saa saba kamili. Kabla hujafanya chochote na data ya setilaiti lazima ubadilishe kila kipimo kiwe saa ya jua ya pale kilipopimwa.

Ukishabadilisha unagundua kitu cha ajabu. TIMED inazunguka dunia mara 15 hivi kwa siku, kila mzunguko dakika 97, dunia nayo inajizungusha chini yake, kwa hiyo kila ikivuka ikweta inakuta nchi nyingine, mara Kenya, mara Kongo, mara Atlantiki, mara Brazili. Lakini saa ya jua inayoikuta kila mahali ni ile ile! Ikivuka juu ya Kenya saa nane mchana ya Kenya, itavuka juu ya Brazili saa nane mchana ya Brazili. Kwa siku nzima inaona dunia yote kwa saa mbili tu, moja ikiwa inapanda kwenda kaskazini na nyingine, upande wa pili wa dunia, ikiwa inashuka kwenda kusini. Saa nane mchana na saa nane usiku, mfano. Basi. Saa tatu asubuhi hakuna, saa kumi na moja jioni hakuna.

Kinachotuokoa ni kwamba obiti ya TIMED inageuka taratibu. Leo ikivuka saa nane mchana, kesho itavuka saa nane kasoro dakika 12, keshokutwa kasoro 24, na kuendelea. Baada ya siku 60 yale mapito ya kupanda yamefagia saa 12, na ya kushuka yamefagia saa 12 zilizobaki, ukiziunganisha una saa 24 kamili. Hapo unachukua vipimo vyote vya latitudo moja, urefu mmoja toka ardhini, unavichora kwa saa ya jua, halafu unapitisha mchoro wa mawimbi: wastani, jumlisha wimbi la saa 24, jumlisha la saa 12, jumlisha la saa 8. Kidato cha tano na sita wanaweza kabisa, ni kosaini tatu tu.

Ila siku 60 ni nyingi, Mwalimu. Ukianza kukusanya mwanzoni mwa Februari unamaliza Aprili imeingia, jua limetoka kusini limevuka ikweta, kwa hiyo joto la saa tatu asubuhi umelipima msimu mmoja na la saa tisa alasiri umelipima msimu mwingine. Tofauti unayoiona ni ya saa au ni ya msimu? Data peke yake haisemi. Njia moja ni kuweka badiliko la msimu ndani ya hesabu ile ile, nyingine ni kuchanganya miaka mingi ili kila mwezi upate saa zote, na hiyo ya pili ndo imetupa picha safi kwa sababu TIMED imedumu. Kuna pengo pia karibu na saa sita mchana, kwa vile kifaa kinazuiwa kisielekee upande wa jua, kwa hiyo ule muda ambao mtu wa kawaida angeutaka kuliko wote ndo muda tunaoubahatisha kwa mchoro.

Mimi mwenyewe nilipoanza nilichukua mapito ya kupanda peke yake, ikweta, kilomita 90, nikachora joto kwa miezi mingi, nikaona linapanda na kushuka vizuri kabisa kila baada ya miezi minne hivi. Nilikaa nalo wiki tatu, nikaandika kurasa, nikaamini nimeona wimbi jipya la anga. Msimamizi wangu akatazama ile grafu akaniuliza swali moja, kila nukta hapa ilipimwa saa ngapi ya jua? Nikaenda kuangalia nikarudi nimekaa kimya. Dakika 12 kila siku, siku 120 unazungusha saa 24, miezi minne. Lile wimbi langu lilikuwa ni mchana na usiku wa kawaida umenyooshwa na obiti ukawa miezi minne. Tangu siku hiyo hakuna grafu ya anga ninayoiangalia kabla sijauliza saa.

Na sio wanafunzi tu. Setilaiti nyingi za hali ya hewa, zile za NOAA za Wamarekani na MetOp za Ulaya, zimewekwa kwenye obiti inayofuata jua, zinapita kila mahali kwa saa zile zile mbili mwaka mzima. Kwa utabiri ni nzuri, unalinganisha leo na jana kwa saa ile ile. Kwa mzunguko wa siku hazifai, maana ukiwa na vipimo viwili vilivyoachana saa 12, lile wimbi la saa 12 linasoma sawa mara zote mbili, halionekani, linajificha ndani ya wastani. Puto za hali ya hewa zina tabu hiyo hiyo, pale Dagoretti Nairobi puto la saa za kimataifa ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, tena puto linafika kilomita 30 na kitu linapasuka, na mchana jua linakipasha joto kihisio chenyewe mpaka kisahihishwe.

Kibaya zaidi zile setilaiti za NOAA za zamani hazikuwa na injini ya kurekebisha obiti, zikawa zinateleza pole pole, iliyoanza kupita saa nane mchana baada ya miaka inapita saa kumi, saa kumi na moja jioni. Ukiunganisha hiyo data bila kusahihisha saa unaona dunia inapoa, kumbe unaipima jioni zaidi na zaidi! John Christy na Roy Spencer wa chuo kikuu cha Alabama pale Huntsville walijua tatizo hilo na wakasahihisha, lakini mwaka 2005 Carl Mears na Frank Wentz, wao walikuwa California, walionyesha kwamba sahihisho lile la tropiki lilikuwa na alama kinyume, lilitoa mahali pa kujumlisha. Wenyewe wa Alabama walikubali wakarekebisha, na ongezeko la joto la hewa ya chini likapanda kwa takriban nyuzi 0.035 kwa kila miaka kumi. Hiyo ni hewa ya chini ambako mchana na usiku tofauti yake, ukichukua tabaka zima, ni ndogo. Kule juu tofauti ni ya nyuzi makumi, kwa hiyo fikiria kosa la saa linaweza kufanya nini kwa mtu anayetafuta kama mesosfia, tabaka la kilomita 50 mpaka 90 hivi, inapoa nyuzi moja au mbili kwa miaka kumi kwa sababu ya kaboni dayoksaidi.

Sasa hiyo tofauti ya nyuzi makumi inatoka wapi, maana hapo ndo penye uhondo. Mtu wa pwani anajua maji yanajaa na kupwa, na anajua ni mwezi. Hewa nayo inajaa na kupwa, ila bwana wake ni jua, na sababu sio mvuto wa jua, ni joto lake. Mvuke wa maji huku chini unafyonza miali ya jua, ozoni kule kilomita 40, 50 inafyonza miali mikali, hewa inapashwa kila mchana inaachwa kila usiku, na huko kupashwa na kuachwa kunasukuma wimbi linalopanda juu. Likipanda linakuta hewa inazidi kuwa nyembamba, kilomita 90 msongamano ni mdogo mara zaidi ya laki tatu kuliko wa chini, nguvu ni ile ile lakini kinachosukumwa ni chepesi, kwa hiyo mtikisiko unakua, kama mjeledi unavyotingishwa kidogo mkononi halafu ncha yake ndo inayopiga kelele. Kwenye stratosfia, tabaka la kilomita 15 mpaka 50 hivi, tofauti ni nyuzi chache tu. Kilomita 90 mpaka 95 juu ya ikweta ni nyuzi 10 mpaka 20 juu na chini ya wastani.

Kahama mko digrii 4 kusini mwa ikweta, yaani mmekaa chini ya kilele chenyewe. Wimbi hili la saa 24 lina nguvu kuliko kote juu ya ikweta, linafifia ukienda pembeni, halafu linarudi tena kwenye latitudo 30 na kitu kaskazini na kusini ila kinyume, ikweta wakiwa kwenye joto wale wako kwenye baridi. Na linakuwa kali zaidi mwezi wa tatu na wa tisa, jua likiwa ikweta. Kuna miaka linazidi na miaka linapungua, kufuatana na zile pepo za stratosfia juu ya ikweta zinazogeuka kutoka mashariki kwenda magharibi na kurudi kila miezi 28 hivi, na hilo tumeliona kwa sababu tu SABER imekaa juu muda wa kutosha kupita mageuzi mengi.

Waambie wanafunzi na hili, uone sura zao. Kutoka kilele kimoja cha wimbi mpaka kingine ukienda wima juu ni kama kilomita 25. Kwa hiyo kilomita 95 ikiwa kwenye joto lake la juu kabisa la siku, kilomita 12 chini yake iko kwenye baridi kali kuliko zote za siku hiyo, saa ile ile, juu ya kichwa kile kile. Kuna tabaka ambapo usiku wa manane kuna joto kuliko saa nane mchana! Wastani kule ni karibu nyuzi 90 chini ya sifuri, sisemi mtu atatoa jasho, ila mpangilio wa mchana moto usiku baridi ambao tumezaliwa nao haufanyi kazi kule. Na vile vilele vinashuka, karibu kilomita moja kwa saa, wakati nguvu yenyewe inapanda. Ukiwa na vipimo vya saa mbili tu, hutokaa uone hivyo vilele vikishuka.

Nimekuambia setilaiti inaona dunia yote kwa saa moja ya jua. Kama joto lingefuata jua peke yake basi saa nane mchana ya Kenya, ya Kongo na ya Brazili zingesoma sawa. Hazisomi sawa, na tofauti hiyo ni habari kubwa. Mvua za alasiri za bonde la Kongo, za Amazoni na za visiwa vya Indonesia, mvuke ukigeuka maji unaachia joto jingi mno, kila siku, kwa saa zake, na kwa kuwa nchi kavu imekaa vipande vipande katikati ya bahari, joto hilo linatengeneza wimbi jingine la saa 24 ambalo halitembei na jua, linakwenda mashariki likiwa na vilele vitatu kuizunguka dunia. Ukilitazama toka kwenye setilaiti, kwa saa moja ya jua, vilele vitatu vinaonekana vinne, kwa sababu jua lenyewe linakwenda kinyume na kuongeza kimoja. Mwaka 2006 Thomas Immel na wenzake walichapisha picha za setilaiti ya IMAGE zilizopigwa kwa saa mbili usiku ya kila mahali, zikaonyesha ayonosfia pande mbili za ikweta ya sumaku ina minundu minne imezunguka dunia. Minundu minne ile ile. Yaani mawingu yanayonyeshea Kisangani alasiri yanaacha alama kwenye tabaka linalopindisha ishara ya GPS, mamia ya kilomita juu, na mtu mwenye kipima ardhi cha GPS jioni anaipata hiyo alama kama kosa la mita bila kujua imetoka kwenye mvua.

Ukipanda tena zaidi, kilomita 200, 300, habari inageuka. Pale jua linapasha hewa moja kwa moja kwa miali yake mikali, joto linafika kelvini 1,000 au zaidi, mchana unazidi usiku kwa nyuzi mia mbili hivi, na kilele kinakuja saa nane, saa tisa alasiri, kama huku chini. Na huku pwani yetu ina historia yake. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio waliweka majukwaa baharini kwenye ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kutoka pale. Ilikuwa na mizani ya kupima msuguano: ganda la nje jepesi, kiini kizito ndani, katikati vishikizo vinavyonyumbuka, hewa ikilisukuma ganda kidogo tu vishikizo vinasoma. Hewa ikipata joto inavimba, mchana inakuwa nzito zaidi kwenye urefu ule ule, kwa hiyo ukipima msukumo mchana na usiku unaona mzunguko wa siku bila kipimajoto. San Marco ziliendelea mpaka 1988, za kupita juu ya ikweta hasa, na ninapomsikia mtu wa Malindi anasema mambo ya anga ni ya watu wa mbali huwa nasikitika kweli.

Siku hizi kuna GOLD, kamera ya NASA, ilirushwa Januari 2018 ikiwa imepandishwa kwenye setilaiti ya mawasiliano iliyosimama juu ya ikweta upande wa Atlantiki. Kwa kuwa imesimama, hiyo ndo inafanya kile mwanafunzi wako alichotarajia: inakaa inatazama mahali pale pale, kila nusu saa, tangu asubuhi mpaka jioni, inasoma joto la kilomita 160 hivi kwa mwanga wa naitrojeni. Ila inaona upande wake tu, Amerika na Atlantiki, sisi Afrika Mashariki tuko ukingoni kabisa, na usiku hilo joto hailioni. Hakuna setilaiti moja inayoona urefu wote, mahali pote, saa zote. Tunaziunganisha.

Mwisho Mwalimu nikupe kitu cha kufanya darasani. Lile wimbi la saa 12 ambalo ozoni ndo inalisukuma zaidi linagusa mpaka ardhini, na kwetu tropiki ndo linaonekana vizuri kuliko popote. Kanieneo la hewa linapanda mpaka saa nne asubuhi, linashuka mpaka saa kumi jioni, linapanda tena mpaka saa nne usiku, linashuka mpaka saa kumi alfajiri, kila siku ya Mungu, tofauti kama hektopaskali 3 au 4. Baadhi ya simu zina kipima kanieneo ndani, programu ya kukisoma ni ya bure. Iacheni simu moja mahali pamoja, msiihamishe ghorofa maana mita 10 tu ni hektopaskali moja, msome kila saa kwa wiki mbili, Kahama itasoma 880 hivi, msishangae, ni kwa sababu mko juu. Wagawane zamu, wa bweni wachukue za usiku.

Halafu wafanye hesabu ya setilaiti. Chukueni zile namba zote, mfiche, mbakize za saa mbili tu zilizoachana saa 12, mchore, muone wimbi limeenda wapi. Kisha mbakize namba moja tu kwa siku, kila siku mkiirudisha nyuma saa moja, muunganishe nukta, mpime huo mnyanyuko umechukua siku ngapi. Na kabla ya kulinganisha na saa nne niliyokutajia, kumbukeni zile dakika 50 zenu, kilele mtakikuta karibu na saa tano asubuhi kwa saa ya ukutani.